Kununua Nyumba na Kuishi Katika Kijiji Kitulivu cha Uingereza: Mwongozo Kamili

Sheria ya Uingereza humwachia mnunuzi wa nyumba mzigo wote wa kuuliza. Muuzaji haruhusiwi kusema uongo anapoulizwa, lakini halazimiki kukufuata na kukueleza kila ufa, kila bomba bovu na kila njia ya watu inayopita nyuma ya jiko. Jambo la pili, ambalo wageni wengi hawalijui, ni kwamba hata baada ya bei kukubaliwa na mikono kupeanwa hakuna aliyefungwa: muuzaji anaweza kumpa nyumba mtu mwingine aliyepandisha bei, nawe unaweza kujitoa bila kudaiwa fidia, mpaka siku ambayo mawakili wa pande mbili watabadilishana mikataba iliyotiwa saini. Baada ya hapo anayejitoa hulipa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mnunuzi, hasa anayenunua kijijini ambako yapo mengi zaidi ya kuchunguza kuliko mjini, ni kuhakikisha kwamba kila swali limeulizwa na kujibiwa kabla ya siku hiyo.

Sheria ninazozieleza ni za England na Wales, na viwango vya ushuru ni vya England. Uskoti ina sheria zake za ardhi na utaratibu wake wa mauzo. Mifano mingi nimeitoa Suffolk, kaunti ya mashariki yenye vijiji kama Lavenham na Kersey, ambavyo vilitajirika kwa biashara ya nguo za sufu katika karne ya 15 na ya 16, na ambavyo nyumba zake za enzi hizo zinakaliwa hadi leo.

Hatua ya kwanza: tenganisha haki ya kununua na haki ya kuishi

Hakuna sheria inayomzuia raia wa Tanzania, Kenya au Kongo kununua nyumba Uingereza. Hata hivyo hati ya nyumba haimpi mtu viza wala haimwongezei siku za kukaa nchini. Hakikisha kwanza kwamba hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu kuishi huko kwa miaka unayokusudia, kwa sababu hata benki, kabla ya kukukopesha, itaangalia muda uliobaki katika viza yako, na mwenye viza ya muda mara nyingi hutakiwa kutoa kianzio kikubwa kuliko mkazi wa kudumu.

Hatua ya pili: pima utulivu kwa maili na kwa saa

Utulivu wa kijiji una chanzo, nacho ni umbali: umbali kutoka barabara kuu, hospitali, soko na kituo cha treni. Anayeupenda utulivu anaununua pamoja na umbali huo, na umbali hupimika. Lavenham, kwa mfano, ilipoteza treni yake ya abiria katika miaka ya 1960, kama ilivyotokea kwa vijiji vingi baada ya reli ndogo kuonekana hazina faida. Leo anayetaka treni huenda mpaka mji wa Sudbury. Basi la kijijini linaweza kupita mara chache kwa siku, na Jumapili lisipite kabisa. Usisome ratiba tu. Panda basi hilo lenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, hadi mahali utakapofanya kazi, kisha urudi nalo jioni.

Familia isiyo na gari hupata shida kubwa. Leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi hukuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu ulipohamia. Baada ya hapo ni lazima ufanye mtihani wa Uingereza, wa nadharia na wa barabarani. Nakushauri uumalize mtihani huo kabla ya kuanza kutafuta nyumba, kwa kuwa nusu ya vijiji utakavyovipenda havitakalika kwa mtu asiye na gari.

Wenye watoto waulize shule kabla ya kuuliza bei. Maombi ya shule ya msingi hufungwa tarehe 15 Januari, na ya sekondari tarehe 31 Oktoba, kwa mwaka wa masomo unaoanza Septemba inayofuata. Halmashauri humpatia mtoto usafiri wa bure ikiwa shule ya karibu inayomfaa iko zaidi ya maili 2 kwa aliye chini ya miaka 8, au zaidi ya maili 3 kwa aliyefikisha umri huo. Uliza pia zahanati ipi inapokea wagonjwa wa kijiji hicho na kama bado ina nafasi. Shika simu yako ndani ya jiko na ndani ya chumba cha kulala uone kama mtandao unapatikana, kwa maana kuta nene za zamani hulizima hata wimbi lililopo nje.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote katika hatua hii ni majira. Mwezi Juni jua la Suffolk huzama baada ya saa tatu usiku, waridi zimechanua ukutani, na kila nyumba inapendeza. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, njia hazina taa, na barabara ndogo hazimwagiwi chumvi barafu inapoganda. Kama uwezo unaruhusu, panga nyumba katika kijiji hicho kwa miezi sita, na miezi hiyo iwe kuanzia Oktoba. Utajua pia kelele zake, maana kijiji kitulivu hakikosi kelele: kengele za kanisa Jumapili, bunduki za wawindaji wa ndege wa mashambani wakati wa baridi, na ukirudi Agosti, mashine za kuvuna zinazofanya kazi hadi usiku wa manane kabla mvua haijafika. Harufu ya samadi ikimwagwa shambani hudumu siku kadhaa. Mkulima alikuwepo kabla yako, na malalamiko yako hayatamhamisha.

Hatua ya tatu: panga fedha, na uanzie kwenye ushuru

Wengi huanza na mkopo. Mimi ningeanza na ushuru wa stempu, kwa sababu hapa ndipo Mswahili mwenye nyumba nyumbani hukutwa na hesabu ambayo hakuitarajia.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, mnunuzi wa kawaida hulipa asilimia 0 kwa paundi 125,000 za kwanza, asilimia 2 kwa sehemu inayofuata hadi 250,000, na asilimia 5 kwa sehemu inayozidi hapo hadi 925,000. Nyumba ya paundi 350,000 humtoza paundi 7,500. Mnunuzi wa mara ya kwanza ana nafuu: halipi chochote hadi paundi 300,000, na hulipa asilimia 5 kwa sehemu inayobaki, mradi bei isizidi 500,000. Huyo atalipa 2,500 tu kwa nyumba ile ile. Lakini sheria inaposema mara ya kwanza ina maana ya mara ya kwanza popote duniani. Aliyewahi kumiliki nyumba Mbezi, Nyali au Goma, hata iwe ya urithi, si mnunuzi wa mara ya kwanza, na wanandoa wakinunua pamoja lazima wote wawili wawe na sifa hiyo.

Hesabu huwa nzito zaidi kwa ambaye bado anamiliki nyumba hiyo. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, anayenunua nyumba ya ziada huongezewa asilimia 5 ya bei yote, na nyumba iliyoko nje ya Uingereza inahesabiwa ikiwa sehemu yako ina thamani ya paundi 40,000 au zaidi. Mume na mke wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja. Kwa nyumba yetu ya mfano, ushuru unapanda kutoka 7,500 hadi 25,000. Ikiwa mnunuzi hakukaa Uingereza angalau siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua, huongezewa asilimia 2 nyingine, yaani paundi 7,000. Kiwanja kitupu hakihesabiwi. Anayeuza makazi yake makuu ili anunue mengine kwa kawaida husamehewa nyongeza ya asilimia 5, ila masharti yake ni ya kina. Mweleze wakili wako kila kitu unachomiliki tangu siku ya kwanza. Kuficha ni kosa, na ni kosa linalogundulika.

Jambo linalofuata ni chanzo cha fedha. Mawakili na benki hulazimika kisheria kujua kila paundi imetoka wapi. Mchango wa ndugu, ambao kwetu hutolewa kwa imani na bila karatasi, hapa unahitaji barua ya kila mtoaji inayosema kwamba fedha hizo ni zawadi na si mkopo, pamoja na kitambulisho chake na taarifa yake ya benki. Ukiuza kiwanja Kigamboni, tunza mkataba wa mauzo, risiti za kodi na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Anza kukusanya karatasi hizi miezi sita mapema. Kisha omba benki ikupe barua ya makubaliano ya awali ya mkopo, kwa kuwa madalali wengi hawatakuchukulia kwa uzito bila barua hiyo.

Muislamu asiyetaka riba anaweza kutafuta mpango wa ununuzi wa nyumba unaofuata sharia, ambapo benki na mteja hununua kwa ubia, mteja akalipa kodi ya pango kwa sehemu ya benki huku akiinunua kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake yote. Sheria ilikwisha kuondoa kasoro ya zamani iliyomlazimisha mteja wa mpango huo kubeba ushuru wa stempu mara mbili.

Hatua ya nne: kagua nyumba kama fundi, si kama mgeni

Msomaji aliyekulia Lamu, Pemba au Bagamoyo, akiingia katika nyumba ya kale ya Suffolk, atakuta ufundi anaoufahamu: fremu ya mbao, fito zilizosukwa katikati yake, udongo uliochanganywa na majani makavu ukakandikwa juu ya fito, na mwisho chokaa. Mbao ni za mwaloni badala ya boriti za mikoko, lakini fikra ni ile ile. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa tena, na chokaa huuruhusu unyevu huo kupita. Katika karne ya 20 mafundi wengi walizipiga nyumba hizi lipu ya saruji wakidhani wanaziimarisha. Saruji huufungia unyevu ndani, na mbao iliyosimama miaka 500 huanza kuoza nyuma ya ukuta unaoonekana mpya. Mafundi wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wamekumbana na tatizo hilo hilo kwenye kuta za mawe ya matumbawe. Kwa hiyo ukigonga ukuta wa nje wa nyumba ya kale ukasikia ugumu wa saruji, uliza ilipigwa lini, na umwambie mkaguzi wako achunguze mbao za chini, zile zinazolala juu ya msingi.

Paa la nyasi nalo si geni kwa aliyezoea makuti, isipokuwa kwamba hapa huezekwa kwa mabua ya ngano au kwa matete, na likifanywa vizuri hudumu miongo kadhaa. Mgongo wa paa ndio unaochakaa upesi, na kwa kawaida huezekwa upya kila baada ya miaka 10 hadi 15. Uliza ulifanywa lini na nani. Bima yake ni ghali, na kampuni nyingi zinataka uthibitisho kwamba dohani husafishwa kila mwaka, kwa hiyo omba makadirio ya bima kabla hujatoa bei, si baadaye.

Jambo la tatu ni hadhi ya jengo kisheria. Majengo ya kihistoria huorodheshwa kwa madaraja matatu: la Kwanza, la Pili lenye nyota, na la Pili, ambalo ndilo la nyumba nyingi za vijijini. Kubadilisha jengo lililoorodheshwa kwa namna inayoathiri sura au thamani yake ya kihistoria bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na ulinzi huo hufika hadi ndani ya nyumba. La kutisha zaidi ni kwamba, kama mmiliki aliyetangulia aliweka madirisha ya plastiki bila kibali, halmashauri inaweza kukuamuru wewe uyaondoe, hata ikiwa miaka mingi imepita. Linganisha kila badiliko unaloliona na vibali vilivyomo katika kumbukumbu za halmashauri, ambazo nyingi zinasomeka bure kwenye intaneti. Hata nyumba isiyoorodheshwa, ikiwa ndani ya eneo la hifadhi, itakulazimu kuiarifu halmashauri wiki sita kabla ya kukata mti wa kawaida katika bustani yako.

Halafu kuna mambo yaliyofichwa ardhini. Vijiji vingi havina bomba la gesi. Nyumba hupashwa joto kwa mafuta ya taa yanayoletwa na lori, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari moja. Vingine havina mfereji wa maji taka wa umma, hivyo nyumba hutegemea shimo lake. Tangu tarehe 1 Januari 2020, shimo la kawaida haliruhusiwi kumwaga maji yake moja kwa moja katika mto au mtaro. Likifanya hivyo, gharama ya kulibadilisha itakuangukia wewe. Muulize muuzaji maji yanakwenda wapi, kisha nenda uone kwa macho yako.

Baada ya bei kukubaliwa, ajiri mkaguzi wako mwenyewe wa majengo. Tathmini ya benki humlinda mkopeshaji, haikulindi wewe. Taasisi ya kifalme ya wakaguzi, RICS, ina ngazi tatu za ukaguzi, na kwa nyumba ya kale chagua ngazi ya 3 bila kusita. Tafuta mtu anayezijua kuta za chokaa. Mimi, katika ununuzi wangu, kwanza nilimchukua mkaguzi wa bei nafuu aliyezoea nyumba za matofali. Aliandika kwamba ukuta una unyevu na kushauri upigwe sindano za kemikali. Mkaguzi wa pili aliona ndani ya dakika 10 kwamba udongo wa bustani ulikuwa umerundikana juu ya msingi. Koleo na siku mbili za kazi vilitosha.

Hatua ya tano: kutoa bei

Dalali hulipwa na muuzaji na humtumikia muuzaji, hata awe mpole kiasi gani. Usimwambie kiwango chako cha juu. Toa bei kwa maandishi, eleza kwamba unategemea ukaguzi na mkataba, na uombe nyumba iondolewe kwenye matangazo. Uliza pia kama muuzaji naye anasubiri kununua nyumba nyingine, kwa sababu wauzaji na wanunuzi wakitegemeana katika mnyororo mrefu, mmoja akikwama wote husimama.

Hatua ya sita: wakili na upekuzi wake

Wakili atapekua kumbukumbu za halmashauri, za kampuni ya maji na za mazingira. Kijijini mwombe zaidi ya hayo. Aangalie njia za umma za waenda kwa miguu, kwa maana njia iliyosajiliwa ikipita bustanini huwezi kuifunga. Aangalie kama barabara ya kufikia nyumba ni ya halmashauri au ya watu binafsi, na nani huilipia. Aangalie kama nyumba ilijengwa kwa sharti kwamba akae mtu anayefanya kazi ya kilimo, au kama iliwahi kuwa ya halmashauri na inaweza kuuzwa tu kwa mtu mwenye uhusiano na eneo hilo. Bei ya chini isiyoelezeka mara nyingi ina sharti la namna hii nyuma yake.

Aulize pia wajibu wa kukarabati kanisa. Ni sheria ya kale inayoweza kumlazimisha mwenye ardhi fulani kugharamia ukarabati wa sehemu ya altare ya kanisa la parokia, na si hadithi: kesi ya kijiji cha Aston Cantlow, Warwickshire, ilifika hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, mwaka 2003, na wenye shamba walishindwa. Bima dhidi ya wajibu huo kwa kawaida ni ya bei ndogo.

Usajili wa ardhi kila inapouzwa umekuwa lazima kote England na Wales tangu Desemba 1990. Nyumba ya shamba iliyokaa katika familia moja tangu kabla ya hapo inaweza kuwa na hati za karatasi tu, na mipaka yake itahitaji subira. Kuhusu mafuriko, soma ramani za serikali mwenyewe: usitazame mto peke yake, tazama pia maji ya mvua yanayoteremka kutoka mashambani. Nyumba zilizojengwa kabla ya tarehe 1 Januari 2009 zinaweza kunufaika na mpango wa Flood Re, ulioanza 2016, unaopunguza bei ya bima ya mafuriko.

Hatua ya saba: kubadilishana mikataba na kukamilisha

Siku ya kubadilishana mikataba hulipwa kianzio, kwa desturi asilimia 10 ya bei, na ukijitoa baada ya hapo unaweza kukipoteza. Bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo. Matapeli huvizia wakati huu kwa kutuma barua pepe inayofanana na ya wakili na kutoa namba mpya ya akaunti. Piga simu kwa namba uliyoichukua ulipokwenda ofisini, usikie sauti unayoijua, ndipo utume. Kukamilisha hufuata baada ya siku au wiki kadhaa, na ushuru wa stempu hulipwa ndani ya siku 14 tangu siku hiyo.

Mwaka wa kwanza kijijini

Jitambulishe wewe mwenyewe, usisubiri kukaribishwa. Gonga milango ya majirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele katika wiki ya kwanza, taja jina lako na useme umehamia nyumba ipi. Waingereza wa vijijini hawapigi hodi ovyo, na ukimya wao wageni huufasiri kuwa chuki, wakati mara nyingi ni woga wa kukusumbua. Njiani salimia kila mtu. Soma ubao wa matangazo wa kijiji, nunua japo mkate katika duka la kijiji kila wiki, kwa maana duka lisilonunuliwa hufungwa, na uulize kama kuna kikundi cha kuagiza mafuta ya taa kwa pamoja. Vikundi hivyo hufanya kazi kama chama cha akina mama wa mtaani kwetu: wanachama huunganisha maagizo ili wapate bei ya jumla.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda anayeishi huko kihalali, kwa kuwa nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola, anaweza kujiandikisha kupiga kura hata ya bunge. Jiandikishe. Mikutano ya baraza la kijiji iko wazi kwa kila mtu, na hapo ndipo hujadiliwa nyumba mpya zitajengwa wapi, basi lipunguzwe au libaki, na nani atanunua chumvi ya barabarani.

Mwishoni mwa Septemba jaza tangi la mafuta kabla bei haijapanda, msafisha dohani aje, na kuni zikauke chini ya paa. Weka tochi karibu na mlango wa mbele.